Kalamu ilipopumzika Nabugoye

Babu yangu mzaa baba alikuwa na kanisa lake. Simaanishi kanisa alilosali. Lilikuwa lake: alilijenga kwa udongo na mabati pembeni mwa shamba letu huko Bungoma, baada ya kukosana na wakubwa wa dhehebu alilolelewa. Siku ya Krismasi walijaa watu sitini hivi, watoto tukikaa chini kwenye majani makavu. Alitunga nyimbo kwa Lubukusu, akaweka kanuni za ndoa na za mazishi, akapanga siku za kufunga. Alifariki nikiwa darasa la sita. Jumapili mbili za kwanza waumini walikuja, ya tatu wakapungua, na kabla mwaka haujaisha mabati yaling'olewa yakaezekea banda la ng'ombe. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Nyimbo zilikuwa kichwani mwa babu, kanuni zilikuwa kichwani mwa babu, na babu tulikuwa tumeshamzika.

Nimelibeba jambo hilo miaka mingi, na ndilo lililonipeleka Mbale. Mimi ni mwalimu wa historia, na kila nikifundisha ukoloni wa Uganda nafika kwa Semei Kakungulu, nasema sentensi mbili, napita. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: watu wake wako wapi siku hizi? Nikajibu kwamba wapo, ni Wayahudi, wanaishi vilima vya Mbale, mwendo wa nusu siku kutoka hapa tulipo. Darasa lilishangaa. Nami nilipoketi ofisini nikaanza kujiuliza kwa nini dini ya Kakungulu haikufa naye kama ya babu ilivyokufa na babu. Likizo ya Agosti nikapanda matatu hadi Lwakhakha, nikavuka mpaka.

Kakungulu alikuwa jemadari Mganda, aliyeingizwa Ukristo na wamishonari wa Kiprotestanti. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 aliwasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, na mji wa Mbale ni yeye aliyeuanzisha. Alitumaini watamfanya mfalme wa nchi aliyowatwalia. Wakampa vyeo, kisha wakavipunguza, na moyo wake ukawatoka. Karibu mwaka 1913 akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali na chanjo. Wakati wote huo alikuwa akisoma Biblia ya Kiganda, hasa vile vitabu vitano vya mwanzo, na alisoma kama mtu anayetafuta amri ya kutekeleza asubuhi inayofuata.

Alipofika kwenye tohara, wenzake wakampinga. Hayo, wakamwambia, ni mambo ya Wayahudi. Inasimuliwa hadi leo kwamba aliwajibu: basi tangu sasa mimi ni Myahudi. Ilikuwa mwaka 1919. Akatahiriwa yeye na wanawe, akahamia Gangama chini ya Mlima Elgon pamoja na waliomfuata. Wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Kwetu Wabukusu, na kwa ndugu zetu Wagisu wa Mbale, kisu si kitu kigeni. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ukifika, vijana wanapakwa tope, wanasimama mbele ya ukoo bila kupepesa jicho. Sisi tunamngoja mtoto awe na umri wa kuonyesha ujasiri. Kakungulu alisoma Mwanzo sura ya 17 akakuta siku ya nane, mtoto asiyejua hata kusema jina lake. Mzee mmoja wa Nabugoye, kilima cha Abayudaya nilikofikia, aliniambia kwamba jirani zao Wagisu waliwahurumia sana watoto hao mwanzoni. Waliona wamenyimwa siku yao.

Kuna jambo ambalo huwa nalirudia darasani. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwatolea Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, ardhi Afrika Mashariki ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapate pa kukimbilia. Mpango huo uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo iko Kenya. Mkutano wao wa mwaka 1905 ukaikataa. Miaka 14 ikapita, na upande wa pili wa Elgon watu ambao hakuna Myahudi aliyewahi kuwahubiria wakajiita Wayahudi kwa kusoma tu.

Kusoma peke yake kulikuwa na mapengo yake. Hawakuwa na kalenda, hawakujua namna ya kuchinja, na walikuwa bado wakibatiza. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja kutoka nje. Jina lililobaki kumbukumbuni ni Yosef tu. Alikaa nao karibu miezi sita, akawafundisha sikukuu na tarehe zake, uchinjaji, nyama ipi huliwa na ipi haliwi, akawaambia waache yale waliyoyabeba kutoka kanisani. Akawaachia Biblia yenye Kiebrania. Kakungulu akafanya jambo ambalo babu hakulifanya. Alianzisha shule ya kuwafundisha vijana yale aliyojifunza kwa Yosef, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda, kurasa 90 hivi. Alipokufa Novemba 1928 aliacha mgawanyiko, aliacha pia karatasi na watu waliofunzwa kuzisoma. Mwalimu aliyeitwa Samson Mugombe na wenzake wakaendelea.

Nabugoye ni kilima nje kidogo ya mji. Bodaboda ilinishusha Ijumaa saa tisa alasiri, kukiwa na pilikapilika kama za mkesha wa harusi. Jioni ikiingia moto haukokwi tena, kwa hiyo kila chakula cha siku ya pili lazima kiive kabla jua halijazama. Mama aliyenipokea katika nyumba ya wageni alikuwa na sigiri tatu zinawaka kwa pamoja, matoke yamefungwa kwenye majani ya mgomba, maharage, na kuku aliyechinjwa na mchinjaji wao wenyewe. Nyama na maziwa havikutani chunguni wala tumboni. Akanionyesha sufuria mbili zilizotiwa alama kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa nyama.

Kuhusu siku yenyewe, sisi wasemaji wa Kiswahili tunaielewa haraka kuliko watu wengi. Sabato inaanza Ijumaa jua likizama na kuisha Jumamosi nyota zikitoka. Watu wa pwani wa zamani huhesabu hivyo hivyo. Kwao usiku hutangulia mchana wake, na mtu akisema usiku wa Ijumaa ana maana ya ule unaofuata Alhamisi. Saa zetu nazo zinaanza giza likiingia, ndiyo maana saa moja ni saa moja. Na kwa kuwa Mbale iko karibu kabisa na ikweta, jua halichezi: wiki nenda wiki rudi Sabato huingia kwenye saa kumi na mbili na nusu, ikizidi au ikipungua dakika chache. Huko Ulaya Wayahudi lazima watazame jedwali, maana wakati wa baridi jua huzama alasiri na wakati wa joto huchelewa mpaka usiku.

Sinagogi la sasa ni la matofali, kubwa, lilifunguliwa mwaka 2016 mahali palipokuwa na lile dogo la awali. Tuliingia mishumaa ikiwa imeshawashwa. Wanaume kwa wanawake walikaa pamoja, na karibu kila mwanamume alikuwa na kofia iliyofumwa kwa uzi wa rangi, pana kuliko zile ndogo ninazoziona kwenye picha. Halafu wakaimba. Zaburi kwa Kiebrania, ikifuatwa na zaburi kwa Kiganda, kwa lahani ambazo ungezisikia katika kanisa lolote la Busoga au Bugwere, ngoma ikiwa chini. Nyimbo hizi zilirekodiwa, na albamu ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Nilikuwa nimeisikia albamu kwenye simu. Haikuniandaa kwa watoto. Walikuwa mstari wa mbele, wengine hata meno hayajaota yote, na hawakushika kitabu. Walijua.

Kiebrania sikijui, lakini Kiswahili kilinisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Shalom tunayo kwenye salamu. Berakha ni baraka. Walipozungumzia tzedakah, fedha wanayotenga kwa ajili ya wasiojiweza, nikasikia sadaka. Kiarabu kilituletea ndugu wa maneno haya kwa jahazi miaka mingi kabla babu yangu hajazaliwa, na hapa nilikuwa nakutana na binamu zake juu ya kilima cha Wagisu.

Asubuhi ya Jumamosi nilifika na daftari. Nilikuwa nimeandika mistari kama minne hivi, nikaona bibi wa pembeni ananitazama, kisha anatazama mikono yangu. Mzee aliyekuwa mbele yangu akageuka. Alikuwa na Kiswahili kizuri cha Tororo.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "leo kalamu nayo inapumzika."

Niliona aibu. Nilijua kwamba hawaandiki siku hiyo, nilikuwa nimesoma kabisa, lakini mkono una mazoea yake. Nikalifunga daftari, nikaliweka chini ya benchi, na saa zote zilizofuata ikanibidi nisikilize kama watu wasikilizavyo wanapojua kwamba hakuna pengine neno litakapohifadhiwa isipokuwa ndani yao.

Torati husomwa yote kwa mwaka mmoja, imegawanywa mafungu 54. Fungu la wiki kwa kawaida ni moja dunia nzima, kwa hiyo lililosomwa Nabugoye asubuhi ile ndilo lililosomwa pia Nairobi, katika sinagogi la jumuiya iliyoanza mwaka 1904. Siku ile lilikuwa fungu la Kumbukumbu la Torati lenye Amri Kumi. Wakatoa hati kutoka sandukuni, ikapitishwa kati ya watu, wakaigusa kwa pindo la shali zao na kubusu pindo. Ni ngozi ndefu iliyoviringishwa kwenye miti miwili, imeandikwa kwa mkono herufi 304,805, na haina alama za irabu wala nukta za kumwonyesha msomaji pa kupumua. Lahani nayo haikuandikwa. Anayesoma amejifunza yote nyumbani.

Aliyesoma sehemu ya tatu alikuwa msichana wa miaka kumi na minne hivi, amevaa sketi ya shule. Alishika kijiti chenye ncha ya mkono mdogo, maana ngozi haiguswi kwa kidole. Alisoma vizuri, kwa kasi, sauti ikipanda na kushuka, kisha akateleza kwenye neno moja. Mzee aliyesimama ubavuni mwake akalitamka mara moja, kwa sauti ya kawaida. Msichana akarudi nyuma, akalisema sawasawa, akaendelea. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeguna, na mzee hakumtazama usoni. Baadaye kidogo aliteleza mwanamume mtu mzima, mwenye mvi, akasahihishwa kwa sauti ile ile.

Hapo nilimkumbuka babu. Katika kanisa lake hakuna aliyeweza kumsahihisha, maana hakuna aliyekuwa na maneno hayo isipokuwa yeye. Hapa maneno yalikuwa mbele ya wote, na anayesoma yuko chini yake hata awe rabi.

Walipofika Amri Kumi watu wote walisimama. Mbele kidogo, katika fungu hilo hilo, yakaja maneno ambayo hata sisi tuliolelewa kanisani tunayajua: kwamba uwafundishe watoto wako, uyanene uketipo nyumbani mwako na utembeapo njiani, ulalapo na uamkapo. Baada ya kusoma walikaa wakayajadili kwa Kiganda, kwa saa nzima nadhani. Kijana mmoja alisema, nilivyotafsiriwa, kwamba amri hiyo haimtaji mwalimu wala shule. Inamwambia mzazi. Mama mmoja akamjibu: je, asiyejua kusoma? Wakabishana kweli kweli. Mimi sikuwahi kuona watu wakibishana ndani ya nyumba ya ibada na ibada ikazidi kuwa ibada.

Lakini kufundisha nyumbani wanakujua kwa njia chungu. Idi Amin alitwaa nchi Januari 1971, na mwaka uliofuata akavunja uhusiano na Israeli. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, watu wakaambiwa wachague Ukristo au Uislamu. Wengi walichagua, na mtu aliyekuwa na watoto wa kulinda simlaumu. Kutoka watu wapatao 3,000 wakabaki 300 hivi. Hao 300 walisali vyumbani madirisha yamefungwa, au katikati ya migomba usiku. Mzee wangu wa Tororo alikuwa mtoto wakati huo. Alikumbuka baba yake akimfundisha zaburi kwa mnong'ono wakati wanapalilia, mstari mmoja kwa kila tuta, mtu akipita wanaanza kuzungumzia mvua.

Halafu akaniuliza kama najua Kampala ilianguka lini. Ni swali la mtihani kwangu: Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Akatikisa kichwa. "Jioni ile, Mwalimu, ndiyo iliyokuwa ya kuingia Pasaka."

Nimefundisha tarehe hiyo miaka kumi na miwili bila kujua. Usiku ambao Wayahudi husimulia jinsi walivyotolewa Misri, redio ilikuwa imetangaza kwamba Amin hayupo tena, na walioleta habari hiyo walikuwa askari wanaozungumza Kiswahili. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, ya askari anayekutoa garini na kukupekua. Mzee alisema nyumbani kwao jioni ile kwa mara ya kwanza kilikuwa lugha ya habari njema, na ndiyo sababu alitaka kukijua.

Kilichofuata ni kazi ya vijana. Katika miaka ya 1980 kundi dogo, akiwemo Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, lilijikusanya likaishi kwa ushirika na kuirudisha Nabugoye mikononi mwa jumuiya. Sizomu alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akawekwa wakfu mwaka 2008, na mwaka 2016 watu wa Bungokho Kaskazini wakamchagua awe mbunge wao. Fikiria hilo kwa utulivu: jimbo lenye Wakristo na Waislamu wengi kuliko Wayahudi kwa mbali sana.

Sababu moja utaikuta chini ya kilima. Shule yao ya msingi ya Hadassah na ile ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu zinapokea watoto wa dini zote. Watoto wa Kiyahudi wanapata Kiebrania na chakula wanachoruhusiwa kula, wa Kiislamu wanakaa dawati moja nao, na shule haifunguliwi Jumamosi. Kituo chao cha afya mjini Mbale nacho kinatibu yeyote anayeingia. Kuna pia ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, jina lenye maana ya amani tamu, ambao Keki aliuanzisha mwaka 2004 akiwaunganisha wakulima wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Alikuwa New York Septemba 11, 2001, akaona kwa macho yake. Kahawa yenyewe ni arabika ya Elgon, ile ile inayolimwa kwetu.

Watu wakinisikia nimetoka huko huniuliza swali moja: ni Wayahudi wa kweli hao? Mwaka 2002 jopo la marabi wa mkondo wa Kikonservativu lilikwenda, likawahoji, na watu kama 400 wakazama majini kulingana na sheria ya kupokelewa kuwa Wayahudi. Wengine, hasa wa kijiji cha Putti, waliona ingewapasa kungoja marabi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria kwa ukali zaidi, na tofauti hiyo bado ipo. Serikali ya Israeli imesita sana kuwapa haki wanazopata Wayahudi wengine wanaotaka kuhamia huko, na nilisikia uchungu katika sauti za vijana walipolizungumza. Mimi si wa kuamua. Ila swali lenyewe huniumiza, maana huulizwa na watu ambao hawajawahi kuulizwa kama wao ni Wakristo wa kweli, na babu zao walibatizwa karibu wakati ule ule Kakungulu alipotahiriwa.

Jioni ya Jumamosi tulikaa nje tukingoja nyota tatu. Kwa vile mawingu ya Elgon yalikuwa yametanda, tulingoja sana, watoto wakinyoosha vidole kila taa ya bodaboda ilipoonekana mbali. Hatimaye ukawashwa mshumaa wa tambi zilizosukwa, yule msichana aliyesoma asubuhi ndiye akaushika juu. Divai ikabarikiwa, kikapita kikopo cha karafuu ili kila mtu anuse, harufu nzuri iufariji moyo kwa siku inayoondoka. Nilinusa nikajiuliza kama zilitoka Pemba. Watu wakanyoosha vidole karibu na mwali, wakatazama mwanga kwenye kucha. Kisha mshumaa ukazimwa ndani ya divai, ukatoa sauti kama ya chuma cha mhunzi.

Mzee akaniletea daftari langu kutoka chini ya benchi. "Sasa andika," akasema, "nione umebakiza nini." Nikaandika mpaka saa sita usiku kwa mwanga wa simu. Niliyokwisha andika nilimsomea asubuhi. Alinisahihisha mara tano, na mara zote tano alikuwa sahihi.

Nilipofika nyumbani Jumapili jioni sikwenda kwangu kwanza. Nilipita kwa senge, dada mdogo wa baba, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya wale waliokuwa wakiimba kanisani kwa babu. Nilimwomba aniimbie wimbo mmoja, wowote. Alinicheka kidogo, akafuta mikono kwenye leso, akafumba macho. Ubeti wa kwanza ulitoka wote. Wa pili aliurudia mara tatu hadi ukakaa. Wa tatu alipata mstari wa mwanzo tu, akanyamaza, akasema labda usiku utamjia. Nimeacha nusu ukurasa wazi, na binti yangu ameshaanza kujifunza ule wa kwanza.